Uvuvi wa Pwani Inapokupwa: Tatizo la Istilahi

Makala haya yana shabaha ya kueleza istilahi zihusuzo uvuvi ufanywao katika maji madogo ya visiwa vyetu, yaani pale ambapo bahari hupwa na kuacha uwanda mpana kati ya ufukwe na mwamba. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jambo la wavuvi wa visiwani lichukue nafasi katika jarida lisomwalo na wafasiri, walimu na watumishi wa serikali. Jibu ni kwamba tafsiri moja yenye makosa katika jambo hili iliwahi kuwatia watu hatiani, na mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa walioipitisha.

Tangazo na makosa yake

Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja ililetewa tangazo fupi lililoandikwa kwa Kiingereza, ikatakiwa ilifasiri. Shabaha ya tangazo ilikuwa njema. Sehemu ya pwani ya kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja ilikuwa ifungwe kwa miezi mitatu ili pweza na viumbe wengine wapate kukua. Tafsiri iliyotoka ilisema hivi: "Ni marufuku kwa mvuvi yeyote kuvua samaki katika nyanda za chumvi za kijiji hiki." Nilikabidhiwa kuihakiki. Niliisoma, nikaona sarufi yake haina ila, nikaitia saini.

Bamvua ya kwanza ilipofika, kina mama wa kijiji walishuka pwani na michokoo yao kama ilivyo desturi. Waliporudi walinyang'anywa pweza wao pamoja na vikapu. Baadaye nilipelekwa kijijini kueleza maana ya tangazo, na bibi mmoja mtu mzima, baada ya kuniitikia shikamoo yangu, aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mwanangu, mimi si mvuvi, pweza si samaki, na pale si penye chumvi. Kosa langu lipi?"

Sikuwa na jibu. Maneno matatu ya tafsiri ile yalikuwa na makosa matatu, na bibi yule aliyataja yote kwa pumzi moja. Inafaa tuyachambue moja baada ya jingine, lakini kwanza hatuna budi kueleza jinsi bahari yenyewe iendavyo.

Mwendo wa maji

Katika pwani ya Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na zaidi kidogo. Kati ya kujaa kwa kwanza na kujaa kwa pili hupita kiasi cha saa 12 na dakika 25. Kwa sababu hiyo wakati wa kupwa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, na mtu wa pwani hawezi kupanga kazi zake kwa kufuata saa ya ukutani peke yake. Huutazama mwezi.

Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, na siku chache zifuatazo, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, maji hayajai sana wala hayapwi sana, na hali hiyo huitwa maji mafu. Katika Unguja tofauti kati ya maji yaliyojaa na maji yaliyokupwa hukaribia mita 4 wakati wa bamvua kubwa, na wakati wa maji mafu yaweza kushuka hadi kiasi cha mita 1. Katika bamvua za Unguja maji ya mchana hukupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Ndiyo maana mgeni akipita pwani za Paje au Jambiani katika siku hizo huona watu wengi wakitembea mahali ambapo saa chache kabla palikuwa pakielea ngalawa.

Maneno bamvua, maji mafu, kupwa na kujaa ni istilahi kamili. Yanataja jambo moja bila utata, yanajulikana na wote wahusikao, na yamo katika kamusi zetu. Hata hivyo, mara nyingi hukutana katika vitabu vya jiografia na mafungu ya maneno marefu kama "mawimbi makubwa ya mwezi", ambayo si sahihi wala hayahitajiki. Bamvua si wimbi. Mwalimu amfundishaye mtoto wa pwani kwamba bamvua ni wimbi anamwondolea maarifa ambayo tayari alikuja nayo darasani.

Kosa la kwanza: jina la mahali

Neno la Kiingereza lililomshinda mfasiri wetu lina asili ya kitu kilicholala sawasawa. Likiambatana na maji ya chumvi, maana yake ni uwanda ufunikwao na maji madogo ya bahari, ambao kwa sehemu kubwa hubaki wazi maji yanapokupwa. Mfasiri aliona "uwanda", akaona "chumvi", akaunganisha. Matokeo yake wanakijiji walidhani kwamba kilichofungwa ni mashamba ya chumvi, na kwa kuwa kijijini pao hapana mashamba hayo, waliona tangazo haliwahusu.

Utaratibu tuliouzoea katika kuunda istilahi hutuagiza tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kabla ya kugeukia lugha nyingine za Kibantu na kisha lugha za mbali. Katika jambo hili hatukutafuta. Tungalitafuta tungaliona kwamba watu wa visiwani wana majina ya kila sehemu ya uwanda ule, tangu nchi kavu hadi kilindini.

Kwanza kuna ufukwe, yaani mchanga mkavu ambapo vyombo huvutwa. Penye ghuba, kama ile ya Chwaka, badala ya mchanga mweupe pana mikoko, na nyuma ya mikoko au katikati yake huenda pakawapo wangwa. Wangwa ni ardhi tupu isiyoota kitu, ifikiwayo na maji ya bamvua tu. Jua linapoikausha huacha chumvi juu yake, na ni mahali pa namna hiyo ambapo mara nyingi watu hujenga mashamba ya chumvi. Kwa hiyo kama kuna uwanda ustahilio kuhusishwa na chumvi, ni wangwa, na si mahali pa kuvulia pweza.

Mbele ya ufukwe huanza uwanda wenyewe: mchanga, tope laini, majani ya bahari, na vidimbwi vinavyobaki na maji wakati wote. Mahali palipoinuka na kuonekana maji yanapokupwa huitwa kipwa. Rundo la mchanga lililo baharini huitwa fungu, na neno hili limo hata katika majina ya mahali, mathalani Fungu Yasini karibu na Dar es Salaam. Mwisho wa uwanda ni mwamba, ambapo mawimbi ya bahari kuu huvunjika. Nafasi iliyo katika mwamba ipitwayo na vyombo huitwa mlango, na nje yake ni kilindi.

Je, uwanda wote kwa jumla unaitwaje? Nilipouliza nilijibiwa kwa mshangao kidogo: "Pwani." Wataalamu wengi huliunganisha neno hili na kitenzi kupwa, hata maana yake ya asili iwe ni mahali ambapo maji hupwa. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja maana hiyo ingali hai. Mtu aendaye kuchokoa pweza "anakwenda pwani", na aendaye nje ya mwamba kwa chombo "anakwenda baharini". Ufukwe ni kitu kingine. Lakini katika Kiswahili cha maofisini neno pwani limepanuka hata likaingiza miji, mashamba na mkoa mzima. Mwandishi wa sheria akiandika "pwani" bila maelezo, msomaji wa Dodoma ataelewa jambo moja na msomaji wa Jambiani jambo jingine, na wote wawili watakuwa sahihi.

Inafaa pia kutaja hapa mkanganyo mwingine unaohusu yale yaotayo katika uwanda huo. Majani ya bahari yana mizizi, huchanua maua, na ndiyo malisho ya tasi na maficho ya samaki wadogo. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mashariki ya Unguja mnamo mwaka 1989, na tangu hapo neno mwani limekuwa na maana ya zao la kuuza. Mfasiri aitaye vyote viwili mwani anaweza, bila kukusudia, kuandika kanuni inayomzuia mkulima kuvuna zao lake alilolipanda kwa mkono wake.

Kosa la pili: jina la mtu na kazi yake

Katika uwanda ule kuna kazi nyingi, na kila kazi ina kitenzi chake. Dema na wando hutegwa. Dema ni mtego uliofumwa ambao huwekwa penye majani ya bahari kwa ajili ya tasi, changu na pono. Wando ni ua wa fito unaosimamishwa ili samaki walioingia na maji yanayojaa wazuilike yanapokupwa. Juya hukokotwa, na likipita penye majani ya bahari huyang'oa, jambo ambalo limeleta ugomvi wa miaka mingi kati ya wenye majuya na wenye madema. Kimia hurushwa. Pweza huchokolewa tunduni kwa mchokoo. Kombe na kauri huokotwa, na vilivyojificha mchangani huchimbwa. Uduvi hutandwa, na kazi hii ya kutanda hufanywa na kina mama washikao nguo kwa ncha zake na kuipitisha katika maji madogo.

Tukiitazama orodha hii tutaona kwamba kazi zifanywazo sana na wanawake, yaani kuchokoa, kuokota, kuchimba na kutanda, hazitumii kitenzi kuvua. Basi yule ambaye havui hawezi kuitwa mvuvi. Katika mazungumzo ya kijijini jambo hili halimdhuru mtu, kwa sababu kila mmoja anajua nani hufanya nini. Madhara huanza pale neno mvuvi linapoingia katika karatasi ya serikali.

Kijijini nilikokutaja mambo yaliendelea hivi. Kina mama waliponyang'anywa pweza waliambiwa kwamba wao ni wavuvi, na kwa hiyo wamevunja katazo. Miezi michache baadaye ilipigwa orodha ya wavuvi wa kijiji, ili wale waliopoteza mapato kwa ajili ya kufungwa kwa pwani wafikiriwe. Karani aliuliza nyumba kwa nyumba: "Nani hapa ni mvuvi?" Wanawake walijibu kwa ukweli kwamba waume zao ndio wavuvi, na wajane walijibu kwamba nyumbani mwao hamna mvuvi. Bibi aliyeniuliza swali alikuwa mjane. Jina lake halikuandikwa. Hivyo palipokuwa na kosa aliitwa mvuvi, na palipokuwa na haki hakuwa mvuvi.

Karani yule hakuwa mtu mbaya. Aliuliza swali aliloandikiwa. Lakini fomu ingaliuliza, "Nani hapa huenda pwani maji yanapokupwa, na huleta nini?" kila nyumba ingalikuwa na jibu. Hili si tatizo la kijiji kimoja. Wachunguzi wa uvuvi katika nchi nyingi za kitropiki wameeleza kwamba mavuno yapatikanayo kwa kutembea kwa miguu pwani huachwa katika hesabu, na kwamba sehemu kubwa ya mavuno hayo ni ya wanawake na watoto. Sisi wa istilahi hatuwezi kulitatua lote, lakini tunaweza kuacha kuliongeza.

Kosa la tatu: samaki

Katika sheria nyingi za uvuvi duniani neno linalofasiriwa kuwa samaki hupewa maana pana, likachukua pweza, kaa, kamba, chaza, jongoo bahari na wengineo. Mwanasheria huandika maana hiyo mwanzoni mwa sheria, kisha hulitumia neno bila wasiwasi. Lakini tangazo lililobandikwa mtini halina fasili mwanzoni. Msomaji wake huchukua neno kwa maana aijuayo, na katika Kiswahili cha kila siku mtu huenda sokoni akanunua "samaki na pweza". Kiungo "na" kinaonyesha kwamba ni vitu viwili.

Kosa hili lilikuwa zito zaidi kwa sababu pweza ndiye aliyekuwa shabaha ya tangazo. Pweza wa miambani katika bahari yetu hukua haraka sana, na maisha yake ni mafupi, kiasi cha mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mayai tunduni, huyalinda bila kula, na hufa baada ya mayai kuanguliwa. Kwa hiyo mahali pakipumzishwa kwa miezi michache, pweza waliokuwa wadogo huongezeka uzito mara nyingi. Mwaka 2004 watu wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Bukini, walijaribu kufunga sehemu ya mwamba wao kwa njia hii, na baadaye vijiji vingine vya bahari yetu, Kisiwa Panza cha Pemba kikiwamo, vilifuata. Njia hiyo hutegemea kuelewana kwa wote watumiao mwamba. Wachache wasipoelewa tangazo, waliosubiri kwa uaminifu hupoteza subira yao.

Mgeni na mwenyeji

Kuna aina nyingine ya uvuvi wa maji madogo ambayo inazidi kuingia katika vijitabu vya utalii tunavyoletewa tuvifasiri. Katika visiwa vya Alphonse na St. François huko Ushelisheli wageni huja kutoka mbali, husimama katika maji ya magotini, na kumtafuta kwa macho samaki mmoja mwembamba wa rangi ya fedha, mwenye miiba mingi na mdomo ulio chini ya pua, ambaye huingia na maji yanayojaa ili afukue kaa na kamba mchangani. Humtupia kigwe kwa ufito mwepesi, chenye ndoana iliyopambwa kwa manyoya ifanane na chakula chake. Akinaswa hupimwa kwa macho, labda akapigwa picha, kisha huachiwa.

Nimeona wafasiri wakitaabika na jambo hili, lakini halina ugumu. Uvuvi huo ni uvuvi wa burudani, ndoana ile ni chambo bandia cha manyoya, na desturi yenyewe ni kuvua na kuachia. Maneno haya yanaeleweka mara moja, ingawa mzee wa pwani akiyasikia atauliza sababu ya kuachia.

Lakini neno moja la vijitabu hivyo linatupasa tulifikirie. Mgeni yule huitwa mvuvi bila mtu yeyote kusita. Yeye husimama katika uwanda wa maji madogo, hutegemea kupwa na kujaa kama wengine, na hurudi mikono mitupu kwa hiari yake. Mwanamke wa visiwani, aliyesimama katika maji ya namna hiyo hiyo na kurudi na kitoweo cha watoto wake, tunamnyima jina hilo.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, mapendekezo yafuatayo yanatolewa ili yajadiliwe na wasomaji kabla ya kufikishwa mbele ya kamati ya istilahi.

Kwanza, uwanda ulio kati ya ufukwe na mwamba ambao hubaki wazi maji yanapokupwa uitwe uwanda wa kupwa. Neno pwani liendelee kutumika kwa maana zake zote mbili, lakini katika sheria na matangazo lifafanuliwe.

Pili, maneno wangwa, kipwa, fungu, mwamba na mlango yatumike kwa maana zao za pwani. Wangwa lisitumike kwa uwanda wote.

Tatu, kazi ya kutafuta viumbe wa baharini bila chombo katika uwanda wa kupwa iitwe uvuvi wa miguu, na aifanyaye aitwe mvuvi wa miguu, awe mwanamume au mwanamke. Katika fomu za kuhesabu watu, jina hili lifuatwe na vitenzi vyenyewe: kuchokoa, kuokota, kuchimba, kutanda.

Nne, katika matangazo yasomwayo na wananchi neno samaki lisitumike peke yake pale ambapo viumbe wengine wanahusika. Wale wanaokusudiwa watajwe kwa majina.

Tano, majani ya bahari na mwani yatenganishwe katika vitabu vya shule na katika kanuni.

Sita, muda wa katazo utajwe kwa tarehe na pia kwa bamvua, kwa mfano "tangu bamvua ya mwezi mwandamo", kwa kuwa hiyo ndiyo kalenda ya wahusika.

Mwisho, tafsiri ya tangazo isomwe kwa sauti mbele ya watu wawili au watatu watakaolitumia kabla ya kutiwa saini. Kazi hii haihitaji fedha wala mtaalamu. Ningaliifanya siku ile, nisingalihitaji kuandika makala haya.

Tangazo lile liliandikwa upya. Sentensi yake kuu sasa ilisema: "Mtu yeyote haruhusiwi kuvua, kuchokoa, kuokota, kuchimba, kutanda wala kutega samaki, pweza au kiumbe mwingine wa baharini katika uwanda wa kupwa ulio kati ya ufukwe na mwamba." Nililisoma kwa sauti barazani, na bibi yule alikuwapo. Alisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba sasa ameelewa, ila wao hawasemi "uwanda wa kupwa", wao husema "pwani" tu. Nikamweleza kwamba walioko mbali na bahari hawataelewa. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi liandikeni hilo lenu, na letu liwe ubavuni mwake." Ndivyo tulivyofanya, na ndivyo ninavyopendekeza tufanye katika kamusi.

Walimu na wasomaji wa Mafia, Pemba, Lamu, Kilwa na kwingineko kwenye uvuvi wa namna hii wanaombwa kutuletea majina yatumikayo kwao, hata yakipingana na haya. Jina la kipwa cha kijiji kimoja, au kitenzi cha kazi ambacho hakimo katika orodha iliyotolewa hapa, ni msaada mkubwa kwa kazi ya Baraza.